Baraza la Chuo lilishapitisha jengo, mbona mpaka leo hakuna hata msingi?

Mbunge wa Bweni C aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Nasoma mwaka wa pili kwenye chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania, na ni mbunge kwenye bunge letu la wanafunzi. Jina la chuo niliache. Tangu nimefika nasikia habari za jengo jipya la madarasa na maabara, ghorofa nne. Mwaka jana mwakilishi wetu kwenye Baraza la Chuo alirudi akatutangazia kwamba Baraza limeridhia, ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Leo ukienda eneo lenyewe, nyuma ya karakana, ni majani na mbuzi wa majirani. Hakuna kibao cha mradi, hakuna uzio wa mabati, hata vigingi vya wapima ardhi sijaviona.

Nilikwenda ofisi ya miliki, inayosimamia majengo ya chuo, kuuliza, nikajibiwa "mradi uko kwenye hatua". Hatua ipi, hawakusema. Vijiweni kila mtu ana lake: hela imeliwa, Hazina wamebana, NEMC, wale wa mazingira, wamekataa.

La pili ndilo linaloniuma. Shida yetu kubwa pale ni malazi. Chumba cha watu wanne wanalala saba, wengine nane, kwa kubebana, yaani mwenye kitanda anamlaza mwenzake aliyekosa. Dada zetu waliokosa vitanda wamepanga mtaani, na usiku wanarudi kutoka maktaba kwa njia isiyo na taa. Sasa nani alikaa akaamua kwamba chuo kinahitaji madarasa kabla ya bweni? Alikaa kikao gani, lini, na kwa nini sisi tulisikia mwishoni? Mwenye uzoefu anieleweshe, maana wapiga kura wangu wananidai majibu na sitaki kuwapa maneno ya kusikia.

Msomi wa Ubungo Maziwa alijibu:

Mdogo wangu, Baraza kuridhia ni jambo moja na fedha ni jambo lingine. Chuoni kwetu jengo la utawala lilipitishwa nikiwa mwaka wa kwanza, nimehitimu nimeliacha kwenye nguzo. Kabla hujaamini habari za hela kuliwa, tafuta kitabu cha bajeti ya maendeleo ya Wizara ya Elimu uone kama mradi wenu una mstari wake. Kama haumo, hiyo hela ya kuliwa haijatengwa bado.

Mkadiriaji Mstaafu alijibu:

Mheshimiwa mbunge, mimi ni mkadiriaji majenzi, mpiga hesabu za gharama za ujenzi. Utumishi wangu nimeumalizia kwenye kurugenzi ya miliki ya chuo cha umma, na faili za namna hii zimepita mezani kwangu kuanzia barua ya kwanza mpaka hati ya malipo ya mwisho. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu ndilo lenye uzito.

Aliyeamua liwe jengo la madarasa siyo Baraza. Lilipofika Baraza lilikuwa limeshaamuliwa zamani, kwenye andiko fupi la mradi, kurasa chache tu, ambalo nadhani hakuna mwanafunzi aliyewahi kulishika. Andiko hilo huanzia kwenye ndaki, yaani kitengo cha masomo chenye idara kadhaa ndani yake. Mkuu wa ndaki anataka kuanzisha programu mpya, au programu aliyonayo inakaribia kukaguliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Wakaguzi wakija wanaangalia walimu, mtaala, maktaba, maabara na vyumba vya kufundishia. Maabara ikikosekana programu inakwama, na ada za wanafunzi ambao wangedahiliwa zinakwama nayo. Kwa hiyo mkuu wa ndaki anaandika. Anaambatisha takwimu za udahili, anaambatisha ripoti ya ukaguzi uliopita, na kila akikutana na mkurugenzi wa mipango anamkumbusha.

Bweni nani analiandikia? Bweni halina mkuu wa ndaki. Liko chini ya Mshauri wa Wanafunzi, ofisi ambayo asubuhi mpaka jioni inashughulika na nidhamu, wagonjwa, misiba na mikopo iliyochelewa, na mara nyingi haina hata afisa mipango mmoja. Inapotengenezwa orodha ya miradi ya mpango mkakati, ndaki zinakuja na maandiko, malazi yanakuja na malalamiko. Nimekaa kwenye vikao hivyo kwa miaka, na kila mara lililoandikwa vizuri ndilo lililopata mstari wa bajeti. Sisemi hivyo ni haki. Wanaolala saba chumba cha wanne wana hoja nzito kuliko ukumbi wa tatu wa mihadhara. Lakini hoja yao inafika mezani ikiwa haina namba, haina makadirio na haina mtu wa kuisimamia.

Andiko likitoka ndaki linakwenda kurugenzi ya mipango. Pale linapimwa kwa vitabu viwili: mpango mkakati wa chuo, ambao kwa kawaida ni wa miaka mitano, na mpango kabambe wa ardhi ya chuo unaoonyesha wapi pajengwe nini. Kisha menejimenti, kisha kamati ya Baraza inayoshughulika na mipango na fedha, ndipo Baraza lenyewe. Wajumbe wa Baraza hupokea kabrasha nene, na jengo lenu lilikuwa ajenda mojawapo kati ya nyingi. Wanauliza gharama, wanauliza chanzo cha fedha, wanaridhia. Kuridhia huko kunakiruhusu chuo kwenda kuomba. Siku mliyopiga makofi hakuna shilingi iliyotoka popote.

Kama ni fedha ya Serikali, safari inaendelea Wizara ya Elimu na Hazina. Tangu 2015 upo mwongozo wa usimamizi wa uwekezaji wa umma unaotaka mradi wa maendeleo uanze na andiko, upite kwenye upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kama unafaa na unawezekana, ndipo uingie kwenye bajeti. Mwongozo wa kuandaa mpango na bajeti hutoka kuelekea mwisho wa mwaka, Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili mpaka Juni, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Upembuzi ukichelewa mwezi mmoja, mradi unaweza kulala mwaka mzima. Ndivyo majani yanavyoota nyuma ya karakana.

Na usilinganishe kasi ya chuo chenu na cha jirani kabla hujajua fedha imetoka wapi, kwa maana kila fedha ina njia yake. Mabweni ya Magufuli pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaliwekewa jiwe la msingi Oktoba 2016 na kufunguliwa Aprili 15, 2017: majengo 20, wanafunzi 3,840, Sh bilioni 10. Rais mwenyewe aliagiza, fedha ikatolewa, na mjenzi akawa Wakala wa Majengo, taasisi ya Serikali yenyewe, hivyo mlolongo wa zabuni ukafupika sana. Maktaba mpya ya hapohapo Mlimani ni msaada wa Serikali ya China: jiwe la msingi Juni 2016, ikafunguliwa Novemba 27, 2018, na ina nafasi ya vitabu 800,000. Msaada wa namna hiyo unakuja na mkandarasi kutoka kwa mfadhili. UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, iliyoanzishwa 2007, sehemu kubwa ilijengwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii, Serikali ikiahidi kulipa baadaye, na deni lile likaandikwa mara kwa mara kwenye ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali. Halafu ukaja mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021. Huo ulikuja na shabaha yake ya mageuzi ya kiuchumi, na kila chuo kilitakiwa kuonyesha jinsi majengo yake yanavyofungamana na programu za kipaumbele. Ukiona maabara na karakana zimeota mikoani kwa wingi miaka hii, sababu mojawapo ni hiyo.

Sasa hilo jibu la "mradi uko kwenye hatua". Usilikubali tena. Uliza hatua kwa jina lake. Mshauri elekezi ameshapatikana? Maana kampuni ya wabunifu majengo, wahandisi na wakadiriaji nayo hupatikana kwa zabuni, na zabuni hiyo peke yake inakula miezi. Kama amepatikana, udongo umepimwa? Chuoni kwetu kulikuwa na kiwanja kilichopendwa na kila mtu kwa kuwa kilipakana na barabara. Matundu ya upimaji yalipochimbwa tukakuta mfinyanzi mweusi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Msingi ukabidi usanifiwe upya wote, makadirio yakapanda kabla halijanunuliwa tofali hata moja. Pesa ya kupima udongo ilionekana nyingi siku ilipoombwa. Bila vipimo vile ghorofa ingekaa juu ya udongo unaotembea.

Kisha uliza cheti cha mazingira. Hicho hakitolewi mpaka mtaalamu aliyesajiliwa afanye Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na tathmini hiyo inataka wadau wahojiwe. Nyinyi mnaolala hatua chache kutoka eneo la mradi ni wadau. Baada ya hapo kuna kibali cha ujenzi cha halmashauri, kuna michoro kupitiwa na Zimamoto, ndipo BOQ, orodha ya kazi na vifaa vyote vya kuwekewa bei, inafungwa na zabuni inatangazwa kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa Serikali mtandaoni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, imegawa madaraka: kamati ya tathmini inapima wazabuni, kitengo cha ununuzi kinapitia, Bodi ya Zabuni inaidhinisha, na Makamu Mkuu wa Chuo kama afisa masuuli, mwenye dhamana ya fedha za chuo, anasaini. Mkataba mkubwa unapitiwa pia na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kila mkono kati ya hiyo unaweza kurudisha faili nyuma, na wakati mwingine unarudisha kwa sababu nzuri kabisa.

Kuna karatasi moja zaidi nataka uijue, nayo ni jedwali la vyumba. Linaandikwa watumiaji wanapokaa na mshauri elekezi: vyumba vingapi, vya watu wangapi, vya kazi gani, mita za mraba ngapi. Nakumbuka kikao kimoja ndaki ilitaka kumbi mbili za watu mia tano kila moja. Mratibu wa ratiba, mama mmoja mpole sana, akafungua ratiba ya muhula na kuionyesha ukutani. Kumbi kubwa tulizokuwa nazo zilijaa asubuhi za Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa mchana zilikuwa tupu, na jioni nyingi vilevile. Kilichokosekana kilikuwa vyumba vya watu sitini. Semina zilikuwa zinafanyikia kwenye ngazi za jengo na chini ya mwembe. Ukumbi mmoja ukafutwa palepale, vikaingia vyumba vidogo. Kikao kile cha asubuhi moja kilibadilisha jengo kuliko vikao vyote vya juu vilivyofuata. Wanafunzi hawakuwepo, na ndio waliokuwa wanakaa chini ya mwembe.

Fundi Sanifu wa Maabara alijibu:

Mkadiriaji amegusa penyewe. Naongeza la upande wetu, kwa kuwa jengo la mbunge lina maabara ndani.

Nafanya kazi maabara ya kemia, chuo sikitaji. Jengo letu lilipochorwa, michoro ililetwa idarani wiki ya mitihani. Mkuu wa idara akaitazama, akaona vyumba vinatosha, akasaini. Sisi mafundi tuliiona ukuta ukiwa umeshapanda. Maabara ya kemia ya mwaka wa tatu ilikuwa ghorofa ya pili, na hakukuwa na lifti ya mizigo. Mitungi ya gesi ikawa inabebwa na vijana wawili kwa ngazi, mtungi wa chuma mrefu kufika kifuani, ngazi zenyewe zina kona. Mabomba ya kutolea maji yalikuwa yale ya kawaida ya jikoni, wakati sisi tunamwaga mabaki ya tindikali. Kabati la kunyonya mvuke wa kemikali lilikuwepo kwenye mchoro, lakini bomba lake la kutolea hewa lilikuwa linaishia karibu na dirisha la darasa la jirani.

Haya yote yalirekebishwa baadaye, na marekebisho yaliitwa nyongeza ya kazi. Banda la mitungi lilijengwa nje, chini, na gesi ikapandishwa kwa bomba. Zile mita za bomba zingekuwemo kwenye BOQ tangu mwanzo, bei yake ingeshindaniwa na wazabuni wote. Zilipokuja kama nyongeza, bei ilijadiliwa na mkandarasi mmoja aliyekuwa tayari yuko eneo la kazi.

Kwa hiyo mbunge, pamoja na jedwali la vyumba, uliza ni nani wamekaa kwenye kikao cha watumiaji. Ukikuta wakuu wa idara watupu, omba aongezwe fundi wa maabara, mfanya usafi mmoja, na mwanafunzi mwenye ulemavu wa viungo. Mfanya usafi atakwambia kwamba hakuna bomba la maji wala stoo ya ndoo kwenye ghorofa ya tatu, na wabunifu wengi hawalifikirii hilo. Uliza pia kama samani na vifaa vimo kwenye bajeti ya jengo au vina bajeti yao. Kwetu vilikuwa na bajeti yao, na jengo lilikabidhiwa likiwa na meza za zege na swichi, basi.

Mhandisi wa Eldoret alijibu:

Hamjambo ndugu zetu. Huku Kenya njia inafanana, majina tu ndiyo tofauti: baraza la chuo, wizara, Hazina ya Kitaifa, NEMA kwa mazingira, kaunti kwa ramani za ujenzi, na mradi lazima usajiliwe na NCA, mamlaka ya ujenzi, kabla ya kazi kuanza. Sheria yetu ya ununuzi ya 2015, kifungu cha 53, inamkataza afisa mhasibu kuanzisha ununuzi wowote kabla hajaridhika kwamba pesa za kutosha zimetengwa kwenye bajeti iliyoidhinishwa. Hata hivyo ripoti za Mkaguzi Mkuu zimejaa majengo ya vyuo yaliyokwama. Kutengwa kwenye bajeti ni kitu kimoja, pesa kutoka Hazina kwa wakati ni kingine. Mwanakandarasi akikaa miezi bila kulipwa cheti chake cha malipo anaondoa mashine, na mkataba unaanza kuhesabu riba. Nimefanya kazi kwenye jengo la aina hiyo. Vyuma vya nguzo vilikaa juani na mvuani vikiwa uchi mpaka ikabidi vingine vikatwe na kuungwa upya.

Kwa maoni yangu, kama pesa haina uhakika, heri jengo ligawanywe kwa awamu ambazo kila moja inaweza kutumika ikikamilika. Ghorofa mbili zenye paa na maji zinafaa kuliko nne zenye nguzo pekee.

Mbunge wa Bweni C aliandika:

Mzee Mkadiriaji, shikamoo. Nimesoma mara mbili na nimewasomea wenzangu chumbani. Nimepata maswali ya kwenda nayo ofisi ya miliki. Lakini wakisema andiko na jedwali la vyumba ni siri za ofisi? Na kuhusu bweni: tukiandika sisi wenyewe, si watasema wanafunzi hawana mamlaka ya kupendekeza majengo?

Fundi, hilo la mwanafunzi mwenye ulemavu nimelichukua. Tunaye mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu, na vipindi vyake viwili viko ghorofa ya kwanza. Anabebwa.

Mkadiriaji Mstaafu alijibu:

Marahaba, mwanangu.

Siri? Bei za wazabuni kabla tathmini haijakwisha, hiyo ni siri na lazima iwe siri. Andiko la jengo la umma na orodha ya vyumba vyake sioni kwa nini vifichwe. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Andika barua kwa Makamu Mkuu wa Chuo, itaje sheria hiyo, taja nyaraka unazotaka kwa majina yake, na uwe mpole kwenye maneno. Chuo kina siku 30 za kukujibu. Zabuni zenyewe huhitaji barua, ingia NeST utafute jina la chuo chenu. Zabuni ya mshauri elekezi ikiwa imeshatangazwa utaikuta, na utajua mradi umefika wapi bila kumwomba mtu. Kama ni fedha za Benki ya Dunia, tathmini ya mazingira na jamii inatakiwa kuwekwa hadharani, na mradi unatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko.

Mamlaka ya kupendekeza hamna, ni kweli. Apendekeze Mshauri wa Wanafunzi. Nyinyi mpelekeeni andiko likiwa limeshaiva. Idadi ya waliodahiliwa, idadi ya vitanda halali, waliopanga nje, kodi wanayolipa, umbali wa kutembea usiku. Pale mtakapoandika kuhusu dada zetu na njia isiyo na taa, wekeni na mchoro wa njia yenyewe, mkionyesha ni wapi taa zinakosekana. Taa hazisubiri Bunge, kurugenzi ya miliki inaweza kuzifunga kwa bajeti ya matengenezo, nanyi mtakuwa mmepata jambo moja mapema.

Kwenye fedha mtaulizwa swali gumu, jiandaeni. Watu watawaambia bweni linajilipa lenyewe, chuo kikope au kitafute mwekezaji kwa ubia. Pigeni hesabu kwanza. Chukueni mabweni yale ya Mlimani: yalipofunguliwa iliagizwa mwanafunzi asitozwe zaidi ya Sh 500 kwa siku. Vitanda 3,840 vikijaa vyote ni Sh 1,920,000 kwa siku. Mkichukulia siku 240 za masomo kwa mwaka mnapata Sh milioni 460.8. Gawa Sh bilioni 10 kwa hiyo, inakuja miaka karibu 22, na bado hamjalipa maji, umeme, walinzi, kunyonya vyoo wala kupaka rangi. Hakuna benki itakayokopesha kwa bei hiyo. Mwekezaji akija atataka bei ya mtaani, na bumu lenyewe, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa mwanafunzi, ni Sh 10,000 kwa siku, kula na kulala humohumo. Ndiyo maana mimi nasimama kwenye hili: bweni la mtoto wa mkulima lijengwe kwa fedha ya maendeleo ya Serikali, kama darasa linavyojengwa, na kodi ya kitanda ibaki ya kuendeshea na kukarabati. Mkiliandika hivyo, na hesabu ikiwa chini yake, mtajibiwa kwa hesabu.

Ombeni pia mstari wa matengenezo uandikwe tangu kwenye andiko. Nimeona jengo zuri likiharibiwa na mfereji wa paa ulioziba majani. Maji yakarudi ndani ya dari, dari ikaanguka, umeme ukakatwa kwenye vyumba kadhaa kwa sababu ya unyevu. Kusafisha mfereji ule ni kazi ya mtu mmoja na ngazi, asubuhi moja. Jengo lilikuwa na mkataba, hati, cheti na jiwe la msingi lenye maandishi ya dhahabu. Halikuwa na fungu la mtu wa kupanda juu.

Muda: msisubiri mwongozo wa bajeti utoke ndipo muanze. Takwimu zikiwa mezani kwa Mshauri wa Wanafunzi kabla ya Novemba, andiko linaweza kuingia kwenye mzunguko huu. Na mwakilishi wenu wa Baraza aombe ajenda mapema, akae na mtu wa uhasibu aipitie kabla hajaingia ukumbini.

Mbunge wa Bweni C aliandika:

Asante sana mzee, na wengine wote. Waziri wetu wa malazi kwenye serikali ya wanafunzi amekubali, tunaanza kuhesabu vitanda Jumatatu, bweni kwa bweni. Swali la mwisho: waliobebwa tuwahesabuje? Kanuni za bweni haziruhusu kubebana, na tukiandika majina tunaweza kuwafukuzisha hata wale wenye vyumba.

Mkadiriaji Mstaafu alijibu:

Msichukue jina la mtu wala namba ya chumba. Andikeni bweni, ghorofa, vitanda halali na waliolala humo usiku wa kuhesabu, basi. Hesabuni saa tano usiku katikati ya wiki, siyo wikiendi ambapo wengine wamekwenda nyumbani. Jumlisheni kwa ghorofa, na karatasi za chumba kimoja kimoja mzichane mkishamaliza kujumlisha. Halafu nitumieni jumla hapa, nitawasaidia kuzigeuza kuwa mita za mraba.